Kupaka rangi kabati la gemu kabla ya kubandika stika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninatengeneza makabati ya gemu ya mbao hapa Dar es Salaam: yale marefu ya kuchezea umesimama, skrini usawa wa kifua, vitufe na joistiki chini yake, na picha kubwa ya stika kila ubavu. Maswali ya nyaya na programu ninayopokea ni machache kuliko unavyodhani. Mengi ni ya rangi. Mtu ameshalipia uchapishaji, ambao si bei ndogo, amebandika stika vizuri kabisa, halafu wiki ya pili inaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Karibu mara zote kosa lilifanyika stika ikiwa bado haijatoka hata kwa mchapishaji.

Stika yangu inafunika ubavu mzima. Kuna haja gani ya kupaka rangi mahali ambapo hapataonekana?

Haja ipo, tena kubwa. Gundi ya stika haielewani na mbao tupu. Ubao ambao haujapakwa kitu, hata ukiupangusa mara kumi, una nyuzi na unga laini juu yake, na gundi inashika huo unga badala ya ubao. Bandika kipande kidogo kwenye MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa) tupu, kivute kesho yake, ukigeuze. Upande wa gundi utaukuta umejaa unga wa kahawia. Huo unga ndio ungekuwa unashikilia picha yako. Tena ubao mtupu unavuta unyevu wa hewa na kuuachia, unatanuka na kusinyaa, huku stika ikiwa mgongoni mwake.

Halafu ni mara chache stika inafunika kila kitu. Kuna mgongo, kuna sehemu ya mbele chini ya vitufe, kuna kingo, kuna pembeni mwa skrini. Angalia mashine za zamani zenyewe. Kabati la Pac-Man lililouzwa Marekani mwaka 1980 lilikuwa la manjano, na michoro ya ubavuni ilipakwa kwa stensili juu ya manjano hiyo. Hapakuwa na stika ubavuni. La Donkey Kong la mwaka 1981 lilikuwa na stika ndogo kuliko ubavu, kwa hiyo bluu kubwa unayoikumbuka ni rangi ya kabati. Yale ya mwanzo kabisa yalikuwa mekundu, kwa sababu yalikuwa makabati ya Radar Scope, gemu ambayo haikuuzika vizuri Marekani, ikabidi yageuzwe. Ukitaka kutengeneza nakala ya mashine kama hizo, rangi ni nusu ya kazi.

MDF, plaiwudi au chipbodi: ipi inapokea rangi vizuri?

Kwa sura, MDF ya milimita 18. Haina mishipa ya mti, haina vifundo, uso wake ni tambarare tangu kiwandani. Ubaya wake ni uzito, kingo zake zinakunywa rangi, na maji yakiingia inaumuka kama mkate na hairudi tena.

Plaiwudi ni nyepesi na inashika skrubu vizuri zaidi, lakini mishipa ya mti inajichora juu ya rangi na baadaye juu ya stika. Plaiwudi ya misindano, ile miti inayopandwa kwa wingi kule Sao Hill, Mufindi, ina vifundo vyenye utomvu. Utomvu unapenya rangi ya maji ukatoka juu kama doa la njano. Vifundo hivyo vipake kwanza sheleki, ile vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, mikono miwili (yaani upake mara mbili), ndipo uendelee. Plaiwudi yenye ngozi ya kahawia au nyeusi inayong'aa, ile ya kumwagia zege, iache huko huko kwenye zege. Ngozi yake imetengenezwa isishikwe na kitu.

Chipbodi sishauri, isipokuwa kama unakarabati kabati la zamani lililoundwa nayo.

Kingo za MDF nimezipaka mikono minne na bado ni kama kitambaa cha gunia. Nifanye nini?

Acha kuongeza rangi. Ndani ya MDF nyuzi zimeshikana kwa ulegevu kuliko juu, na ukikata unazifungua. Kila mkono wa rangi unazamishwa humo na kuzisimamisha nyuzi upya.

Njia ninayoitumia mimi ni filla ya magari, ile ya kuchanganya na kigumishaji. Ichote kidogo kwa kadi ya plastiki, ikwangue kwenye ukingo kana kwamba unapaka siagi na kuiondoa papo hapo, ibaki ile tu iliyoziba matundu. Baada ya nusu saa hivi imekuwa ngumu. Sugua na msasa namba 180, paka andakoti, ile rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe. Kama huna filla, gundi nyeupe ya maji iliyopunguzwa kwa maji kidogo nayo inasaidia: paka, iache ikauke kabisa, sugua nyuzi zilizosimama, rudia mara moja. Inafanya kazi, ila hailingani na filla.

Usiruke hatua hii eti kwa kuwa mkanda wa kingo, ule wa plastiki unaozungushwa kwenye kingo za ubao, utafunika. Stika inapoishia ukingoni ndipo inapoanzia kubanduka, na ukingo wenye nyuzi hauna pa kuishikia.

Msasa namba ngapi?

Plaiwudi: 120, kisha 180. MDF: uso wake 180 inatosha, unavunja tu ule mng'ao wa kiwandani. Kati ya andakoti na rangi, 240. Kati ya mikono ya rangi, 320. Mkono wa mwisho, kama umetoka na vichembe vya vumbi, pitisha 400 kwa mkono mwepesi sana.

Msasa uzungushie kipande cha ubao bapa. Ukisugua kwa vidole peke yake unachimba mifereji usiyoiona leo, utaiona stika ikiwa juu. Na vaa barakoa nzuri: vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya saratani, na vumbi la MDF ni laini mno, linaingia mbali kifuani.

Stika si ni nene? Mabonde madogo si yatajificha?

Ni kinyume chake. Stika ni plastiki nyembamba kuliko ukucha, na nyingi zina mng'ao. Mng'ao unaokota kila kitu. Kichwa cha skrubu kilichozama nusu milimita, mstari wa puti, unywele wa brashi, vyote vinajitokeza, na safari hii viko usoni pa mhusika wa picha yako.

Kipimo changu hakina gharama. Subiri usiku, zima taa, washa tochi ya simu, iegemeze ubavuni mwa kabati ili mwanga upite juu ya uso kwa kulala, usimulike moja kwa moja. Kila tundu litatoa kivuli chake. Zungushia alama kwa penseli, jaza puti, sugua, tochi tena. Ninafanya hivyo mara mbili: baada ya andakoti ya kwanza na kabla ya rangi ya mwisho. Rangi moja ya kijivu ya andakoti inaonyesha makosa ambayo ubao wa rangi mchanganyiko unayaficha, ndiyo maana tochi kabla ya andakoti haisaidii sana.

Skrubu usijaze kwa puti ya ukutani. Inapasuka kabati likitikiswa na wachezaji, na linatikiswa kweli.

Rangi ya mafuta au rangi ya maji?

Zote zinafaa, ila kila moja ina masharti yake.

Rangi ya mafuta inatoka laini, inajisawazisha yenyewe alama za brashi zikapotea, na ikishakomaa ni ngumu. Lakini inachukua muda mrefu sana kukomaa, na hilo ndilo linaloua stika nyingi. Nyeupe yake pia inageuka ya njano miaka ikipita, hasa mahali pasipo na mwanga.

Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na vyuma, siyo ya ukutani, inakomaa upesi zaidi, haina harufu kali, na ndiyo ninayopendekeza kwa mtu anayefanya kazi hii mara ya kwanza sebuleni kwake. MDF ipakwe kwanza andakoti ya mafuta, ili maji ya rangi yasifike kwenye nyuzi.

Rangi ya ukutani iache, na hasa ile inayotangazwa kuwa inaoshika au haishiki uchafu. Baadhi zimetiwa nta au silikoni ili madoa yasigande, na gundi ya stika kwa rangi hiyo nayo ni doa. Itabanduka ikiwa nzima, safi, bila hata kuacha alama.

Jirani yangu anapuliza rangi za magari. Nimpelekee?

Ukimpata anayejali, ndiyo, matokeo yake ni mazuri kuliko yangu ya rola. Kuna aina mbili ambazo atakuuliza. Moja inakauka kwa thina kuruka tu. Hiyo inakauka haraka, lakini thina yake ni kali, ikipulizwa juu ya rangi ya mafuta uliyoipaka wewe nyumbani itaikunja kama karatasi iliyolowa. Kwa hiyo mpelekee ubao wenye filla tu, andakoti aweke mwenyewe. Ya pili ni ya kuchanganywa na kigumishaji. Hiyo inakomaa kwa kemikali, siku chache tu, na hakuna rangi ninayoiamini zaidi chini ya stika. Lakini mvuke wa kigumishaji chake unaharibu mapafu na unaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Usiipulize nyumbani, na watoto wasiwepo karibu na karakana.

Ya kung'aa au isiyong'aa?

Ya katikati. Rangi isiyong'aa kabisa ni mchanga mdogo mdogo ukiitazama kwa karibu. Gundi inagusa vilele tu, mabondeni haifiki. Ya kung'aa sana gundi inaishika vizuri, ila inaonyesha kila kosa sehemu ambazo hazina stika. Nusu mng'ao inakaa vizuri pande zote mbili. Kama unapenda kabati lising'ae, paka isiyong'aa mgongoni na mbele, na sehemu ya stika ipate nusu mng'ao.

Brashi, rola au kupuliza?

Rola ya sponji yenye nyuzi fupi, inchi nne, kwa mbavu. Brashi ndogo kwa pembe na ndani. Rola za manyoya za ukutani zinaacha uso wenye vijidungu kama ganda la chungwa, na kila kidungu ni hewa chini ya stika.

Mikono myembamba mitatu ni bora kuliko miwili minene. Laza ubavu chini juu ya vigoda kama unaweza, kabla hujaunganisha kabati. Rangi haitachuruzika, na itajisawazisha. Pitisha rola ya mwisho bila kukandamiza, kwa uzito wake tu, kutoka juu hadi chini kwa mkondo mmoja. Kisha ondoka. Unapoona kasoro baada ya dakika kumi mkono utakuwasha urudi kurekebisha, usirudi. Rangi imeshaanza kushika, na utaichana.

Lita ngapi zinatosha?

Kabati la urefu wa mita 1.8 lina takriban mita 5 za mraba za nje. Lita moja ya rangi ya mbao kwa kawaida inafunika mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita moja ni mikono miwili. Nunua lita moja ya andakoti na mbili za rangi. Za rangi zichanganywe kwenye ndoo moja kabla hujaanza, maana makopo mawili ya namba moja yanaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itakukodolea macho katikati ya ubavu.

Rangi imekauka, nikiigusa haishiki kidole. Nibandike?

Bado. Hili ndilo swali ambalo ningetaka kila mtu aliulize, na wengi hawaliulizi.

Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Rangi ya mafuta inakauka kwa kuruka kwa kimiminika chake kwanza, halafu inakomaa kwa kuvuta oksijeni ya hewani. Oksijeni inaingilia juu. Kwa hiyo juu panakuwa pagumu mapema, pakawa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na chini ya ngozi hiyo rangi bado ni mbichi na inaendelea kuhema. Mvuke unatoka taratibu kwa siku nyingi bila wewe kuuona. Ukibandika stika, ambayo ni plastiki isiyopitisha kitu, mvuke unakosa njia. Unajikusanya na kuinua stika, na ukiwa humo unailainisha gundi.

Kabati langu la pili lilikuwa la mtoto wa mteja, zawadi ya kuzaliwa, na tarehe haikusogezeka. Nilipaka nyeusi ya mafuta mikono mitatu, nikasubiri siku nne. Ilikuwa ngumu chini ya kidole, inang'aa, nikajipongeza. Stika zikakaa kama zimezaliwa pale. Siku ya tisa mama yake akanitumia picha: nusu ya chini ya ubavu wa kushoto imetoa malengelenge, madogo kama punje za choroko, mamia. Nilikwenda na sindano, nikatoboa moja moja, nikabonyeza kwa kitambaa, yakalala. Kesho yake yamerudi mahali pale pale, pembeni ya matundu yangu. Nilipoibandua stika, rangi ilikuja nayo kwa vipande, laini upande wa ndani kama ganda la karanga iliyochemshwa, na harufu ya tapentaini ikanipiga usoni kana kwamba nimefungua kopo. Kule chini ndiko rola yangu ilikokuwa inamalizia, ndiko rangi ilikokuwa nene. Nililipia uchapishaji mpya mimi mwenyewe, na mtoto alichezea kabati lisilo na picha kwa mwezi mzima.

Tangu hapo ninakwenda hivi. Rangi ya maji: siku 7 kwa uchache, 14 nikiweza. Rangi ya mafuta: wiki nne. Ile ya magari inayokauka kwa thina: wiki moja. Ya kigumishaji: kama kopo linavyosema, na siku mbili zaidi. Hesabu inaanza mkono wa mwisho ulipopakwa.

Siku hizo zikishapita ninapima, sikubali kalenda peke yake. Kwanza pua: asubuhi, kabla sijafungua madirisha, naweka pua kwenye ubavu. Nikisikia rangi, rangi bado inahema. Pili ukucha: mahali pasipoonekana nabonyeza ukucha, ukiacha mwezi mdogo, bado. Tatu, na hiki ndicho cha kuaminika, naomba kwa mchapishaji kipande cha plastiki ile ile, nakata sentimita 10 kwa 10, nabandika mgongoni mwa kabati, naacha siku moja, kisha napitisha draya ya nywele juu yake mpaka kipate joto. Mapovu yakiinuka, nasubiri wiki nyingine.

Kwa nini rafiki yangu wa Dodoma alisubiri siku kumi tu na stika yake iko salama, na mimi niko Tanga?

Kwa sababu hewa si moja. Rangi ya maji haiwezi kuachia maji yake kwenye hewa ambayo imeshashiba maji, na pwani wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa imeshiba. Rangi ya mafuta nayo inapunguza mwendo. Ongeza nusu ya muda juu yake, weka kabati ndani, madirisha wazi mchana na yamefungwa usiku, feni ipulize chumba, isipulize kabati moja kwa moja maana itakuletea vumbi kwenye rangi mbichi. Usilitoe juani kulikausha haraka: juu patashikana upesi, chini patabaki pabichi zaidi ya mwanzo.

Usipake siku ya mvua. Ukipaka ile ya kukauka kwa thina kwenye unyevu mkubwa, inatoa ukungu mweupe usoni, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Rangi ya chini inapenya stika?

Inaweza. Plastiki nyeupe ya kawaida si nzito kama inavyoonekana. Ibandike nusu juu ya nyeusi na nusu juu ya nyeupe, uone. Uso wa mhusika utakuwa na vivuli viwili. Muombe mchapishaji plastiki yenye mgongo wa kijivu, inazuia kabisa. Kama haipo, hakikisha chini ya picha nzima kuna rangi moja, bila viraka vya puti.

Kwa kingo, hali ni tofauti: hapo unataka rangi ifanane na pambizo la stika. Usichague kwa macho kwenye simu. Chukua kipande kilichochapishwa, nenda nacho dukani wanakochanganya rangi kwa mashine, wakupimie hicho. Utakapokata stika na kisu kikayumba milimita moja, hakuna atakayejua.

Nianze nini, matundu ya vitufe au rangi?

Matundu kwanza, pamoja na mfereji wa mkanda wa kingo ikiwa unatumia ule unaogongwa ndani. Toboa, sugua, paka, subiri, bandika, kisha kata stika kwenye matundu kwa wembe mpya, ukitokea katikati kuelekea ukingoni kama unavyokata chapati. Ukitoboa baada ya rangi, drili itachana rangi kuzunguka tundu, na vitufe vya milimita 30 vina mdomo mwembamba sana wa kuficha.

Mfereji usijae rangi. Pitisha kipande cha kadi ndani yake rangi ikiwa bado mbichi. Mkanda unagongwa mwisho kabisa, stika ikiwa imeshakatwa sambamba na ukingo, mdomo wake ukalie ncha ya stika na kuishika.

Nisafishe kwa nini kabla ya kubandika?

Kitambaa kisicho na manyoya na spiriti kidogo ya kupangusia vidonda, kisha kitambaa kikavu. Jaribu kwanza mahali pa siri, maana spiriti inaweza kulainisha rangi ya maji. Thina hapana, petroli hapana, na dawa za kung'arishia fanicha hapana kabisa, zina silikoni. Baada ya kupangusa, usiguse tena kwa kiganja. Mafuta ya mkono ndiyo alama ya kiganja itakayotokea mwaka ujao.

Kubandika kwa maji yenye sabuni au kavu?

Kama plastiki yako ina vijia vya hewa upande wa gundi (vinaonekana kama wavu mwembamba ukiinamisha kwenye mwanga), bandika kavu. Kama haina, na ni kubwa, maji yanasaidia kuisogeza: lita moja ya maji, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, si zaidi. Lakini hii ni mbao. Nyunyiza ukungu, usimwage, na kama kingo na matundu havijazibwa vizuri, sahau maji.

Kavu ninafanya hivi: nalaza ubavu, naweka stika mahali pake, naishika katikati kwa tepu ya karatasi kama bawaba. Nafungua nusu, nakata karatasi ya mgongoni, nabandika kutoka kwenye bawaba kuelekea nje kwa kadi ya plastiki iliyofungwa kitambaa laini, kila mkwaruzo ukipanda nusu ya uliotangulia. Kisha nusu ya pili. Watu wawili. Asubuhi, si jua la saa nane, kwa sababu plastiki ikiwa na joto inavutika, na ikipoa inataka kurudi.

Kabla ya kufungua karatasi yoyote, simamisha mbavu zote mbili na uweke stika juu yake. Ya kulia na ya kushoto zinafanana sana zikiwa zimelala.

Mchapishaji ameniletea stika leo leo. Kuna tatizo?

Uliza kama ni wino wa kiyeyushi (solvent). Wino huo nao unahema. Stika iliyochapishwa na kufunikwa plastiki ya juu siku hiyo hiyo inafungia mvuke ndani, inalainisha gundi yake, na kingo zinajikunja. Muombe aache siku moja au mbili kati ya kuchapisha na kufunika.

Naweza kupuliza vanishi juu ya stika ili idumu?

Usifanye hivyo. Kimiminika cha vanishi kinaweza kukunja plastiki na kutoa wino. Kinga ni ile plastiki ya juu aliyoweka mchapishaji. Kwa paneli ya vitufe, ambako viganja na jasho vinakaa saa nzima, funika stika kwa karatasi ya akriliki ya milimita 3 iliyotobolewa sawasawa na ubao.

Yangu imeshavimba. Inaokolewa?

Povu moja moja la hewa, siku ya kwanza, ndiyo: toboa kwa sindano pembeni yake, si kileleni, pasha kidogo kwa draya, bonyeza kuelekea tundu. Malengelenge mengi yanayorudi, hapana, hiyo ni rangi mbichi. Pasha stika kwa draya, ivute taratibu ukiilaza nyuma juu yake yenyewe, si kuisimamisha wima. Gundi iliyobaki ipanguse kwa tapentaini kidogo kwenye kitambaa. Acha ubavu wazi wiki mbili, angalau, mahali penye hewa. Rangi iliyong'oka sugua kingo zake na msasa 240 mpaka kidole kisisikie ngazi, paka andakoti pale tu, kisha mkono mmoja wa rangi ubavu mzima. Na uanze kuhesabu siku upya kuanzia mkono huo.